Kuhakiki saini kwa kompyuta wakati mkono wa mwenyewe hautulii

Hakuna mtu anayetia saini mbili zilizolingana kabisa. Ukipata mbili zinazolaliana mstari kwa mstari, usifurahi. Shuku kwamba moja imenakiliwa kwa skana, au imefuatishwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Karani yeyote aliyewahi kukaa na kabati la kadi za saini anajua hivyo. Ndiyo maana programu ya kuhakiki saini haiulizwi kama zimefanana. Inaulizwa kama tofauti iliyopo ni ya kawaida kwa mtu huyu.

Swali hilo lingekuwa jepesi kama kawaida ya mtu ingekaa palepale. Kijana aliyekuwa akiandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, akishasaini fomu kwa miaka kadhaa hubaki na herufi mbili na mkwaruzo. Mtu mzima huvunjika mkono. Mzee huanza kutetemeka. Mfumo uliowekwa vizuri siku ya kwanza, ukiachwa bila matunzo, huanza kuwakataa wenye saini zao wenyewe. Malalamiko yakizidi, mtu fulani ofisini hulegeza masharti kwa wote, na hapo wezi ndipo wanapopata mlango.

Mimi nilianza kazi hii kwa macho, kadi mkono wa kushoto na hati mkono wa kulia. Baadaye nikahamia kwenye programu. Ninayoeleza hapa ndiyo namna ninavyouweka mfumo kwa ofisi inayotarajia kukaa na wateja wake miaka mingi. Sizungumzii saini ya kidijitali ile ya funguo za siri, ambayo haijali kama mkono wako unatetemeka. Nazungumzia wino kwenye karatasi, na kalamu au kidole kwenye skrini.

Chagua unachokusanya

Kuna kukusanya picha na kuna kukusanya mwendo. Picha ni saini iliyokwisha kukauka kwenye karatasi: unaiona sura yake, basi. Mwendo hurekodiwa saini inapoandikwa, kwenye kibao maalumu cha saini au kishikwambi chenye kalamu yake. Kifaa huandika mahali ilipo ncha, muda, na mkandamizo, kwa kawaida mara 100 hadi 200 kila sekunde. Vingine hurekodi hata mwinamo wa kalamu, na njia inayopitia ikiwa hewani kabla ya kutua tena. Kipo kiwango cha kimataifa cha kuhifadhi data ya aina hii, ISO/IEC 19794-7. Muulize anayekuuzia kifaa kama anakifuata, la sivyo siku utakapobadilisha kifaa utaanza upya na kila mteja.

Ukiweza, chukua mwendo. Mwigaji anaweza kuipata sura akifanya mazoezi jioni moja. Mwendo haonyeshwi na karatasi, hivyo hana cha kuiga.

Kama kazi yako ni ya karatasi tu, skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, kwa rangi au kwa kijivu. Usigeuze saini kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Ule ukolevu wa wino unaofifia pale kalamu ilipopaa ni ushahidi, na ukishaupoteza hauurudishi.

Usichanganye vifaa. Saini ya kidole kwenye simu na saini ya kalamu kwenye kibao, hata zikiwa za mtu mmoja, zihifadhi kama mafungu mawili. Kidole huandika kwa bega na kiwiko, kalamu huandika kwa vidole. Nimeona ofisi zikilalamika kwamba saini za wateja zimebadilika ghafla, kumbe kilichobadilika ni kifaa cha mapokezi.

Kusajili: si zote kwa mkupuo mmoja

Mteja anaketi, anasaini mara tano mfululizo, karani anabonyeza hifadhi. Ofisi nyingi hufanya hivyo kwa sababu ni haraka. Saini tano za dakika moja, kwenye kiti kimoja, kwa kalamu moja, zinakaribiana mno. Programu itaamini kwamba mtu huyu hatikisiki kamwe, na wiki ijayo akija amesimama, ana mzigo begani, itamkataa.

Chukua hizo tano kama mwanzo, halafu ongeza mbili mbili kila anaporudi kwa shughuli nyingine, mpaka uwe na saini za siku tofauti. Kisanduku cha kusajilia kiwe na ukubwa uleule wa kisanduku kitakachotumika kazini, kwa sababu mtu akibanwa hukunja saini yake na akipewa nafasi huitandaza. Andika pia hali: amesimama, ameketi, ana plasta ya kidole. Na tarehe. Tarehe ni sehemu ya data, usiikubali sampuli isiyo nayo. Utaona chini kwa nini naisisitiza.

Wapo wanaoleta saini ambayo ni duara moja na mstari. Hiyo mtoto wa shule anaweza kuitia. Mwombe mteja kwa upole aongeze jina la pili au herufi za mwanzo, na akikataa, muwekee alama kwamba saini yake pekee haitoshi kwa miamala mikubwa.

Kupima umbali kati ya saini mbili

Kabla ya kulinganisha, saini zote zihamishiwe katikati, ziwekwe kwenye ukubwa mmoja, na mwinamo wa mstari usawazishwe. Lakini vipimo vya awali usivitupe. Mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa neva unaotetemesha mikono), kwa mfano, mwandiko wake unaweza kuwa mdogo zaidi na zaidi. Ukisawazisha ukubwa hutamkataa, na hilo ni jema. Ukitupa ukubwa wa awali hutajua kamwe kwamba anabadilika.

Njia ninayoanza nayo ni DTW, yaani kulinganisha kwa kunyumbua muda. Ilipata umaarufu katika utambuzi wa sauti, baada ya kazi ya watafiti Sakoe na Chiba ya mwaka 1978, kwa shida ileile: neno moja husemwa haraka leo na polepole kesho. Chukua kipande kimoja cha saini na kasi yake kama kipimo. Sampuli iliyosajiliwa inasema 2, 5, 9, 5, 2: kalamu inaanza taratibu, inaongeza kasi, inatulia. Leo mteja ameandika 2, 2, 5, 9, 9, 5, 2. Namba ni saba badala ya tano, huwezi kuzitoa moja kwa moja. DTW inaruhusu namba moja ishikane na jirani zaidi ya mmoja: 2 ya kwanza inashikana na 2 zote mbili, 9 inashikana na 9 zote mbili. Jumla ya tofauti ni 0. Mkono ni uleule, umechelewa kidogo tu.

Sasa aje mwigaji: 3, 4, 4, 5, 4, 4, 3. Mstari alioacha unaweza kuwa mzuri, ila hakuna mahali alipoongeza kasi kama mwenyewe. Nyumbua unavyotaka, njia nafuu kuliko zote inakupa umbali wa 10, na sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote ya umbali huo inatoka kwenye ile 9 isiyo na mwenzake. Katika saini nzima unafanya hivyo kwa mahali, kasi na mkandamizo kwa pamoja, nukta mia kadhaa badala ya tano.

Mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, nayo ipo na si mipya kama wengi wanavyodhani. Mtandao wa mapacha, unaosoma saini mbili sambamba na kutoa umbali kati yao, ulielezwa na watafiti Bromley, LeCun na wenzao wa maabara ya Bell Labs mwaka 1993, kwa kazi hiihii ya saini. Kwa picha za karatasi, ambako mpangilio wa muda haupo, ndiyo njia ninayoishauri. Kwa mwendo, ofisi ndogo ianze na DTW. Mteja aliyekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu, na DTW unaweza kumwonyesha kwa kidole: hapa, mkunjo huu.

Kizingiti cha kila mtu

Saini tano zinatoa jozi 10. Pima umbali wa kila jozi na utapata kawaida ya mtu. Tuseme kwa mteja mmoja wastani ni 40, na kwa mwingine, mwenye mkono uliotulia kama wa mchoraji ramani, ni 15. Ukiweka kizingiti kimoja, yaani umbali wa mwisho unaokubalika, cha 50 kwa wote, wa kwanza atakataliwa kila akiwa na haraka, na wa pili ataigwa na yeyote mwenye bidii kidogo. Kizingiti kitokane na wastani wa mtu mwenyewe na mtawanyiko wake, yaani jinsi umbali wa jozi zake unavyopishana na wastani huo.

Halafu weka mistari miwili. Chini ya mstari wa kwanza, saini inapita. Juu ya wa pili, inakataliwa na mtu anaitwa. Katikati ni ukanda wa mashaka, ambao ndio utakaotufaa tutakapofika kwenye mabadiliko.

Usimruhusu mtu akuahidi mfumo usiokosea. Katika mashindano ya kimataifa ya uhakiki wa saini ya mwaka 2004, SVC2004, mshindi alifikia kiwango cha makosa cha wastani wa asilimia 2.84 dhidi ya waigaji waliofanya mazoezi, pale ambapo kukataa wenyewe na kukubali waigaji kunalingana. Hao walikuwa bora wa wakati ule, tena katika mashindano. Ukikaza upande mmoja, mwingine unalegea. Ndiyo sababu siruhusu mashine peke yake imfungie mtu fedha zake.

Mwandiko unapohama

Mabadiliko yako ya aina tatu. Ya muda: baridi, haraka, kusimama, kalamu mbovu. Ya ghafla: kuvunjika, kiharusi, kubadili jina. Na ya polepole, yanayokuja kwa miaka. Mwaka 2013 Galbally na wenzake walichapisha uchunguzi wa saini za watu 29 zilizokusanywa kwa miezi 15, wakaonyesha kwamba kuzeeka kwa sampuli kunapunguza usahihi na kwamba athari haiwi sawa kwa kila mtu. Wengine hukaa, wengine husogea upesi. Kwa hiyo kanuni ya "sajili upya wote kila baada ya muda fulani" inawasumbua waliotulia na inawachelewa waliosogea.

Badala yake, kwa kila saini mpya pima umbali mara mbili: hadi fungu la zamani kabisa, na hadi fungu la karibuni. Chora vipimo hivyo kama mistari miwili kwa tarehe. Umbali hadi la zamani ukipanda taratibu huku ule wa karibuni umetulia, mwandiko unahama na hakuna la kuogopa. Yote miwili ikiruka siku moja na kubaki juu, jambo limetokea: mpigie mteja simu kwa namba uliyonayo tangu zamani, si ile aliyoiandika leo kwenye fomu. Ikiruka na kurudi, ni ya muda. Usifanye lolote, hasa usihifadhi saini ile kama sampuli.

Sasa mtego wenyewe. Mfumo ukijifunza kwa saini zilizopita vizuri tu, haujifunzi kitu, maana hizo ndizo tayari unazozijua. Ukijifunza kwa zilizo kwenye ukanda wa mashaka, ndimo humo mwigaji mvumilivu anapojipenyeza: leo anasogeza kidogo, mwezi ujao kidogo, hadi siku moja mwenye saini anakataliwa na mwigaji anapita. Watengenezaji wengi huwasha kile kitufe cha kujisasisha chenyewe na kukisifia. Mimi nakizima kabla ya jambo lolote.

Sampuli mpya iingie kwa ushahidi usiotokana na saini: mteja alikuwepo na kitambulisho chake kikaangaliwa na mtu, au alithibitisha kwa njia nyingine aliyokuwa nayo kabla. Hata hivyo isiingie moja kwa moja. Iwekwe kando ingoje. Zikifika tatu za siku tofauti, kila moja na ushahidi wake, na zikikaribiana zenyewe kwa zenyewe, ndipo ziingie fungu la karibuni na kuzitoa zilizochakaa. Saini moja ya ajabu iliyothibitishwa inaweza kuwa homa tu. Tatu zinazokubaliana ni mkono mpya.

Weka pia kikomo cha jumla. Fungu la karibuni likisogea mbali mno na lile la mwanzo, hata kama kila hatua ilikuwa halali, mwenye saini aitwe asajiliwe upya mbele ya mtu.

Fungu la mwanzo halifutwi. Hapa ndipo tarehe zinapolipa. Ukiletewa mkataba wa miaka 10 iliyopita ambao mtu anaukana, saini yake ya leo haina msaada. Unalinganisha na sampuli za miaka ileile, za kabla kidogo na za baada kidogo. Hati ya zamani iliyobeba saini inayofanana na ya leo kuliko ya wakati wake inatakiwa ichunguzwe kwa makini: huenda iliandikwa juzi ikapewa tarehe ya zamani.

Mtetemo wa mzee na mtetemo wa mwigaji

Programu nyingi zikiona mtetemo hupiga kengele. Kuna mwalimu mstaafu ambaye saini yake nimeifuatilia muda mrefu. Zamani herufi ya kwanza ilianza na kitanzi kikubwa, na mstari wa mwisho ulirudi nyuma chini ya jina lote, ukaishia kwa ncha nyembamba. Leo kitanzi hakipo. Mstari wa chini umekatika nusu, na kila mteremko una mawimbi. Ukiiweka picha ya leo kando ya ile ya kwanza, karani mgeni atasema si mtu mmoja.

Lakini kalamu bado inanyanyuka palepale, baada ya herufi ya tatu. Nukta bado inawekwa mwisho kabisa, kuume kwa herufi yake, kana kwamba alikuwa tayari anaondoka. Urefu wa herufi ya kwanza ukilinganishwa na zinazofuata umebaki uleule. Na ule mstari uliokatika bado unaisha kwa ncha inayofifia, kwa sababu kalamu inaondoka karatasini ikiwa mwendoni.

Mwigaji huacha kinyume chake. Kitanzi kipo, kizuri, na mstari wa chini umefika mwisho. Ila unene wa wino ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ncha ni butu kwa kuwa kalamu ilisimama kabla ya kunyanyuliwa, na kwenye mikunjo kuna vituo vidogo alipotazama kielelezo. Sura yake ni nzuri kuliko mwendo wake. Katika data ya mwendo, tafuta vituo hivyo: sehemu ambazo kasi inakaribia 0 mahali ambapo mwenyewe hupita bila kusita.

Kwa hiyo mteja akishajulikana kuwa mkono wake unatetemeka, punguza uzito wa ulaini wa mstari, ongeza uzito wa mpangilio wa mipigo, mahali pa kunyanyua kalamu na uwiano wa herufi. Wazee dhaifu sana nao huanza kuacha ncha butu, na hapo mashine imwachie mtu.

Mteja anapokataliwa mbele yako

Mwombe asaini tena mara tatu kwenye karatasi safi au skrini tupu. Usimwonyeshe sampuli yake, na kitambulisho kikae upande wako wa meza, maana mtu mwaminifu akiona saini yake ya zamani huanza kujiiga mwenyewe, na huiga vibaya. Usimwache ajaribu mpaka ipite; weka kikomo, kisha nenda kwenye uthibitisho mwingine. Sema kwa sauti ya kawaida. Aliyekataliwa na mashine mbele ya foleni hahitaji kuongezewa aibu, na mkono wenye wasiwasi huandika vibaya zaidi.

Yule ambaye mkono umegoma kabisa asilazimishwe kuchora kitu kinachofanana na saini. Dole gumba, au mwakilishi aliyeandikishwa kisheria, na sababu iandikwe kwenye faili.

Data zenyewe zifungwe kwa usimbaji, na kila anayezifungua aache kumbukumbu ya jina na saa. Rekodi ya mwendo ikivuja ni somo kamili la kuiga, na mtu habadilishi saini yake kama abadilishavyo nywila.

Jaribu kwa tarehe, si kwa bahati nasibu

Kabla ya kuuwasha mfumo utajaribiwa, na kosa la kawaida la mafundi ni kuchanganya saini zote kisha kugawa nusu kwa nusu bila mpangilio. Matokeo yatapendeza, kwa kuwa kila saini ya mwaka huu itakuwa na dada yake wa wiki ileile upande wa kujifunzia. Gawa kwa tarehe: mfumo ujifunze kwa za zamani, ujaribiwe kwa mpya. Asilimia za usahihi zitashuka, nawe utakuwa umeona hali itakavyokuwa kazini.

Kwa upande wa waigaji, usitumie saini za wateja wengine kama za kughushi; hizo kila mfumo unazikataa. Wape wenzako ofisini kielelezo cha mfanyakazi mwenzao aliyeridhia, wafanye mazoezi kwa siku kadhaa, ndipo waje. Kisha chukua orodha ya waliokataliwa bila haki na uipange kwa umri wa sampuli zao. Walio na sampuli kuukuu ndio wa kwanza kuitwa kusajiliwa upya, kabla ya kugusa kizingiti cha mtu yeyote.